Sungusungu

Igombe, Jumanne, benchi la zahanati.
Nimempakata Holo, mtoto wa dada yangu,
miezi tisa, jino moja na nusu.

Nesi Kashinje anafungua kasha la barafu.
"Surua," anasema, kama anayemtaja mwizi wa mtaa.
Sindano.
Holo hamtazami nesi, ananitazama mimi,
msaliti,
kisha analia hadi wachuuzi wa dagaa wanageuka.

Lia, mwanangu. Ndani yako filimbi imepulizwa:
sungusungu wanaonyeshwa sura ya mwizi
kabla hajafika, wapate kuikariri.

Wangu walikosea sura.
Walikuja usiku na marungu, wakampiga mwenye nyumba:
magoti, vidole, figo;
mashavuni wakaniachia kipepeo mwekundu.
Bugando nikapewa vidonge vya kuwalaza.
Sasa wamelala, na mlango uko wazi.
Sindano kama hii yako mimi nimekatazwa.

Basi lia, Holo, halafu unyamaze.
Kadi imegongwa muhuri.
Tunarudi kwa njia ya mwaloni, wewe mgongoni,
kilo nane na nusu,
mlinzi wangu,
tayari umesinzia zamuni.