Nyota za Kizibao

Aila hakutaka kuwa malkia, wala paka, wala mchawi.
"Mwaka huu," akasema, uji wa shayiri ukimdondoka kidevuni,
"nataka kuwa usiku."
Usiku upi, mwanangu?
"Usiku wenyewe. Mzima."

Nikamtafutia kitambaa: pazia la chumba alimofia mama yangu,
zito, jeusi, lenye harufu ya sabuni na nondo.
Raija akalipima juu ya jaketi la baridi,
maana huku kwetu, kando ya ziwa lisilo na chumvi,
theluji haingoji Novemba.
Kisha akageuka kunitazama.

Raija ni muuguzi, zamu ya usiku, idara ya dharura.
Ana macho ya mtu aliyewahi kukata kwa mkasi
vazi la kipepeo kifuani mwa mtoto.
Hakusimulia. Alisema tu: "Risto.
Mweusi tii. Barabarani. Saa moja usiku."

Mimi ni mtu wa barabara. Miaka kumi na tisa
nimeziba mashimo ya mji huu, nimeichora mistari yake,
nimesimama baina ya malori na kizibao
cha rangi ya chungwa bivu, chenye mikanda ya fedha
inayomrudishia dereva mwanga wake mwenyewe:
chukua, ni wako, nami nipo hapa.

Nikakitungua msumarini.
"Usiku hauvai mikanda ya kazi," Aila akanuna,
mdomo mbele kama birika.
Haki yake. Nikakaa na mkasi hadi saa nane.
Nyota ya kwanza ilitoka kama kaa aliyekanyagwa.
Ya tano ikaanza kufanana na nyota.
Nikashona thelathini na moja,
nikajidunga vidole mara nyingi kuliko nitakavyokiri.

Halowini ikaja na upepo wa kukata masikio.
Maboga yamechekeshwa kwa kisu kila kizingitini,
ndani taa za betri, kwa kuwa mwaka juzi
mshumaa uliparamia pindo la gauni
la mjukuu wa Bi Pelletier.
Tukazishika amri zilizobandikwa jokofuni:
nyumba zenye taa tu,
mkono kwa mkono kwenye kona,
hakuna kuonja mpaka mama akague, karanga ni sumu kwa Onni.
Onni, miaka mitatu, alikuwa mwezi.
Alitaka kubebwa, kama mwezi wowote.

Mtaa wa tatu, Aila akaponyoka mkononi mwangu.
Peremende moja ilianguka, ikabingirika,
naye akaifuata nyuma ya pikapu iliyoegeshwa.
Kumbe haikuegeshwa.
Nina sauti inayopita ngurumo za greda.
Haikutoka.

Taa za kurudi nyuma zikawaka, nyeupe,
na giza lililochutama barabarani likaitika:
nyota thelathini na moja, kwa mpigo.

Breki zililia. Kijana wa kina Bouchard akashuka bila koti,
mikono ikimtetema hata akashindwa kufunga mlango.
"Nimeona nyota," alisema. "Chini. Nimeona nyota chini."
Aila akainuka na peremende yake,
akamtazama kwa huruma ya mtu mzima.
"Mimi ni usiku," akamweleza.

Raija alirudi alfajiri. Sikumwambia mpaka amalize chai.
Akaenda kulipapasa lile pazia kwenye kiti,
akahesabu kwa kidole, moja moja,
akafika mwisho, akaanza tena.

Jumatatu nitakwenda kazini
na kizibao kilichotoboka kama chujio.
Msimamizi, Bwana Sadowski, atauliza
ni panya gani amenitafunia usalama.
Nitamwambia usiku ulipita kwangu, ukaazima.
Haujarudisha.
Na usirudishe.