Mfereji

Mbarara, chumba cha nyuma cha maabara.
Chini ya hadubini ya Kemirembe kuna kipande cha kioo,
na ndani ya kioo mfereji mwembamba kama unywele.

Anasukuma rangi mbili: nyekundu huku, buluu kule.
Zinaingia pamoja, zinakwenda bega kwa bega,
wala hazisalimiani.

Uji ameukoroga tangu utotoni.
Lakini humu, mwiko gani utaingia?
Maji yakiwa membamba hivi hayana fujo,
hayajui kizunguzungu;
kila tone na mstari wake, kama foleni ya benki.
Yaachiwe, yatapenyezana chembe kwa chembe,
polepole,
na umeme hausubiri.

Jioni, getini, alimtazama Byansi akipika chapati:
sukuma, paka mafuta, kunja,
sukuma, kunja tena.
Akasahau kuchukua chenji.

Leo sakafu ya mfereji ina mikwaruzo ya mshazari.
Nyekundu inakunjwa ndani ya buluu,
tabaka mbili, nne, nane, kumi na sita,
kisha hakuna wa kuhesabu.

Mdomoni mwa kioo: tone la zambarau.

Anaandika saa. Umeme unakatika.
Anakaa gizani, kidole kimelowa,
anacheka peke yake:
Byansi bado ana mia tano yangu.