Bendera ya Buluu

Karti niliinunua kwa bei ya friji,
friji kuukuu, isiyogandisha.
Fundi Dad Karim aliizunguka mara mbili,
akalipiga teke tairi la mbele, akasema:
hii ni ya kufundishia subira.
Nina miaka thelathini na tisa.
Kazi yangu kupima damu za watu, hospitalini Sib.

Duru ya kwanza, Oktoba, joto halijataka kuaga.
Madereva kumi na wanne, tisa kati yao hawajaota ndevu.
Nilifunga ushungi, juu yake helmeti ya kuazima
inayonuka jasho la mtu nisiyemjua,
na humo ndani, nikagundua, hamna Kiarabu.
Nje wanaitana kwa Kiarabu, Kiurdu, Kimalayalamu.
Ndani ni jikoni kwa mama:
Haya, shika, usiogope, ala!
Mtoto wa nani huyu, kapita wapi?

Mwenda pole hajikwai, nililelewa hivyo.
Nilikwenda pole. Kona ya pili nikagongwa nyuma,
nikazunguka kama pia,
nikasimama nikitazama nilikotoka,
na wote wanakuja.

Bendera ya buluu ndiyo iliyonizoea kwanza.
Maana yake: pisha, wenye mwendo wanapita.
Mbio moja nilipungiwa mara tano,
hata yule kijana mpungaji, kufikia duru ya tatu,
akawa ananipungia kama anayeamkia jirani.

Novemba ubavu wangu uligeuka bilinganyi.
Nesi Kadhiya akanivuta pembeni, mlango akaurudisha:
Nani anakupiga?
Kona ya nane, nikamwambia.
Hakucheka. Ilibidi nimwonyeshe picha.

Desemba wadi ilishuka, mbio zikaahirishwa.
Tukajibanza chini ya mabati, mimi na Azzan,
miaka kumi na mitatu,
aliyenipita mara nyingi kuliko umri wake.
Akachora kona kwa kidole
kwenye vumbi la kioo cha gari la baba yake.
Khala, akasema, breki umeing'ang'ania
kama mkono wa mama. Iachie.
Ingia kwa adabu. Toka kama umeiba kitu.
Kisha akarudi kwenye chipsi zake.

(Wenzangu hufungiwa vipande vya risasi vitini
ili watimize uzito.
Yangu imo mwilini: uzazi mara mbili, na halua.)

Februari nilimpita mtu.
Narudia.
Nilimpita mtu, Yaarub wa benki, mwenye suti mpya nyekundu,
kwa ndani, kona ya nane, ile ile ya bilinganyi,
nikasikia sauti ndani ya helmeti ikisema samahani,
samahani baba, samahani,
na mguu haukuondoka kwenye mafuta.

Machi, duru ya mwisho, taa zimewashwa,
mchanga unatambaa juu ya lami kama unga uliomwagika.
Kila nikipita namtazama yule kijana.
Bendera ya buluu kaibana kwapani.
Mzunguko wa kumi, kwapani.
Wa kumi na tano, kwapani.
Wa mwisho akaitoa, roho ikaniruka.
Kumbe anajifutia jasho.

Kwenye gari mikono ilitetemeka,
simu ikaniponyoka mara mbili.
Mama hajawahi kuja uwanjani, ila husubiri hesabu.
Wa ngapi?
Wa kumi na moja.
Katika wangapi?
Kumi na wanne.
Basi watatu umewaacha.
Mmoja injini ilimzimikia, mama, hakumaliza.
Akanyamaza. Nikasikia kijiko kwenye sufuria.
Na huyo mhesabu, akasema.
Nani alimtuma azimike?