Bati la Sahare

Sahare nilisimama, kuta zilishakamili,
miaka saba nachuma, tofali kisha tofali,
mshahara wa kupima damu Bombo, wa halali;
sasa limebaki swali: juu yake lipi bati?

Nikaenda Ngamiani kwa Badawi mwenye duka,
vipande vi ukutani, rangi zote zimewaka,
kahawia na kijani, nyekundu inayocheka;
nami nikachanganyika, mkononi zangu noti.

“Dada, hili la vigae ndilo la watu wa hadhi;
nyumba ngoja ilivae, wivu uwape maradhi;
kuna nini ukatae? Kupendeza ni faradhi.”
Nami, moyo uko radhi, nikalipapasa bati.

Wifi yangu Mwanakheri, vigae vyake vya rangi,
Idi huja kwa fahari kuniuliza msingi,
“U wapi huo, tayari?” Kisha hucheka kwa wingi.
Nilitaka, mara nyingi, nizime yake sauti.

Fundi wangu Semkiwa kanyamaza mlangoni,
kalamu iliyoliwa imelala sikioni.
“Kenchi zimeinuliwa kidogo tu, ziko chini;
uliogopa thamani ya mbao, kwa kila futi.

“Kwenye paa la kulala maji hayana haraka:
huchungulia mahala mabati yanaposhika,
yapite pasi suala, dari ianze kunuka.
Kigae ni cha kushuka mteremko thabiti.

“Mchukue msauzi, mgongo wake mrefu,
mabonde yake ya wazi, mvua hutoka sufufu;
si mrembo wa mapozi, kazini siyo dhaifu.
Na geji? Usiwe pofu: thelathini ni makuti.

“Geji, namba ikikua, bati lapungua mwili;
na chumvi, unaijua, huku pwani hailali;
la Hiza limeugua kutu, mwaka tu wa pili.
Leo ongeza riyali, kesho usiuze shati.”

Badawi akakohoa, kikokotoo mezani,
tarakimu akatoa, zikanichoma machoni:
laki sita! Nikapoa. Sakafu nitie nini?
Nikatoka barazani, nikakaa bila kiti.

Nikamkumbuka mama, Mabawa tulipopanga,
usiku akisimama masufuria kupanga,
kitanda tukisukuma, tukijifunika khanga.
Alikuwa akilenga kila tone, kwa bahati.

Nikarudi kwa Badawi: “Msauzi, geji nene;
rangi hainisumbuwi, nipe yoyote nione;
mvua haichaguwi nyumba hii na nyingine.
Sakafu na isonone hadi nipate wakati.”

Siku nne walipanda, nyundo zikigonga papi,
Semkiwa akiwinda msumari uwe wapi:
“Mgongoni, we Mhanda! Bonde maji hayakwepi!”
Mhanda jicho hatupi, ana mdomoni nati.

Vuli ikaja usiku, kishindo kama mahindi;
kurunzi, miguu peku, nikageuka ni fundi:
sebule kavu, na huku chumbani tone silindi;
jikoni, ndi! tena ndi! ndi! Tone moja, katikati.

Asubuhi fundi juu, Mhanda kashika ngazi;
msumari mmoja tu, bondeni, tena u wazi.
Mhanda, uso kifuu, yanamlenga machozi.
Nikampa maandazi, nikamvutia kiti.

Mwanakheri kaja Idi kutazama, kakawia;
mvua nayo ikazidi, dirishani katulia;
akasema, hana budi, “Kwangu, wifi, huvujia
kitandani.” Sufuria nikampa, na chapati.