Usikaze Bado

Miaka hamsini zilifunga mlango
wa mashine ya kusaga pale Handali,
shokapu mbili za nyuma za BSA ya baba,
zikisukuma ubao, zikirudi, zikisukuma,
zimeganda unga mpaka kromu ikasahau jua.

Alizitoa mwaka wa njaa, kwa debe mbili za uwele.
Mahali pake akachomelea nondo,
na juu ya nondo hizo akaendelea kupeleka chanjo
Mvumi, Mlowa, Manzase,
mgongo wake ukifanya kazi ya springi.

Nilikwenda na springi mpya za mlango, tukabadilishana.
Msagaji alicheka: "Damari, unanipa kipya uchukue kutu?"
Nikamwambia ndiyo.
Akanifungia kilo mbili za dona, bure,
kama anayempa pole aliyefiwa.

Leo Jumamosi, uani kwetu Mkonze,
upepo wa Julai unachambua vumbi.
Pikipiki imekaa juu ya kreti la soda,
gurudumu la nyuma linaning'inia
kama mguu wa mtoto kwenye benchi la kanisa.
Nondo nimezikata kwa msumeno. Zimelia sana.
Kromu nimeisugua kwa majivu na mafuta ya taa,
oili ya ndani nimeimwaga, nyeusi, inanuka samaki,
nikajaza mpya kwa bomba la sindano.
Bushi ndizo hazipo.
Nimezunguka Majengo duka kwa duka,
vijana wananionyesha za bodaboda, wananionea huruma.
Basi nikachukua katambuga zilizo nyuma ya mlango,
nikakata visigino, nikatoboa katikati.
Bushi nne.

"Za nani hizo?" baba akauliza.
"Zako."
"Mbona zilikuwa bado nzima."

Akazipokea shokapu mapajani, moja moja,
akazipapasa kama anatafuta homa.
"Hii ya kushoto."
"Umejuaje?"
"Sanduku la barafu lilikaa upande huo."
Nikapima kwa rula ya shule. Kweli,
fupi kwa unene wa sarafu tatu.
Nikaweka washa chini ya springi yake, sikusema neno.

Spana namba kumi na nne inapwaya, kumi na tatu haiingii:
nati hizi zilizaliwa kwa vipimo vya watu wengine.
Nikaazima spana malaya,
naomba radhi, ndilo jina lake,
nikaanza kukaza.

"Usikaze bado," akasema.
"Ukikaza inaning'inia, raba itazoea kuning'inia,
siku ya kubeba itachanika.
Ishushe chini. Ibebe kwanza,
ndipo ukaze."

Tukaishusha. Akapanda, polepole,
mkono mmoja begani kwangu.
Springi hazikushuka hata unywele.
Alikaa akisikiliza.
"Ngumu," akasema. "Chuma cha zamani hicho."

Sikujibu.
Uzito wa baba ninaujua,
nilimbeba mwezi wa tatu kutoka kitandani hadi kwenye bajaji
na sikuhema.

Nikapanda nyuma yake,
mahali lilipokaa begi la sindano,
nikamzungushia mikono kiunoni, ikakutana upesi mno.
Hapo zikashuka, upana wa kidole,
zikaguna, zikatulia.

Nikamwita Chilewa, mtoto wa jirani:
"Kaza sasa. Kulia kwanza."
"Nizungushe wapi, dada?"
"Inakokwenda saa."
Akakaza, ulimi nje,
kisha akahamia upande wa sanduku la barafu.

Injini haina hata plagi.
Tenki lina buibui.
Mbele yetu ni ukuta wa matofali na kamba ya nguo,
na baba ameshika usukani kwa mikono miwili,
kichwa kimeinama kidogo, kama mtu anayekwepa miiba ya mgunga.

"Shikilia," akasema, "hapo mbele pana korongo."

Nikashikilia.