Mpanga Herufi wa Kiponda

Silima alisoma msahafu. Herufi za Kizungu
alizijua kwa vidole tu:
hii ina mkia, hii ina tumbo,
zote za risasi, zote kinyumenyume.

Kila Jumatano Bwana Jivanlal
alimletea gazeti zima kwa penseli:
bei ya karafuu, meli zilizotia nanga,
dansi ya klabu, nani kavaa nini.
Naye akapanga, wino mpaka kiwikoni.

Alhamisi akanunua bajia,
zimefungwa ukurasa wa nne.
Mize, wa darasa la sita,
akaukunjua, akapangusa mafuta, akasoma:
Vuai Pandu, mchukuzi, uzururaji,
miezi mitatu.

“Baba, si ami huyu?”

Bajia zikapoa.
Jina lile alilipanga mwenyewe.
Alikumbuka hata nafasi ilivyokuwa finyu,
akalibana.