Mapezi ya Alumini

Sanduku nililipima kwa shibiri: mbili kwa moja na nusu.
Luhende wa SIDO akalikata bati, akalikunja,
akaniuliza, "Hili la vifaranga au la sadaka?"
Nikamwambia la picha.
Diski nne zimesimama humo bega kwa bega,
na ndani ya diski miaka kumi na tisa ya studio:
paspoti, vipaimara, maharusi wa Igogo
ambao wengine walishaachana
na hawajui kwamba bado nawatunza pamoja.

Prosesa yenyewe ni ukucha wa gumba.
Juu yake mapezi ya alumini,
membamba kuliko ya sato,
juu ya mapezi feni, juu ya feni kifuniko,
na kati ya feni na kifuniko
nafasi ya kupitisha kisu cha mkate. Basi.

Usiku wa kwanza, nyuzi themanini na moja.
Wa pili, themanini na sita.
Nikafungua, nikafuta ile pesti ya kijivu
niliyoipaka kama siagi ya mgeni,
nikaweka tone moja, punje ya mchele.
Themanini na tatu.
Nikaongeza kasi ya feni.
Nkwimba akageuka kitandani:
"Hiyo ndege yako inatua saa ngapi?"
Nikapunguza. Joto likapanda. Nikaongeza. Akakohoa.
Tukaishi hivyo, mimi, mke na feni,
kila mmoja akimdai mwenzake usingizi.

Kumbe nyuma ya ukuta lipo jiwe.
Nimezaliwa chini yake na sikuwahi kulifikiria.
Mchana kutwa linakunywa jua,
usiku linalitema taratibu, mpaka saa tisa.
Niliweka kiganja ukutani:
ukuta una homa.
Na sanduku nilikuwa nimeliegemeza hapohapo,
mgonjwa juu ya mgonjwa.

Nikalihamishia dirishani, upande wa ziwa.
Upepo ukaja na dagaa na dizeli ya bandarini,
nyuzi zikashuka kama mtu anayeteremka Igogo na ndoo kichwani,
sabini na mbili, sitini na tano,
hamsini na nane.
Feni ikawa inanong'ona tu.
Siku kumi na moja nilijiita fundi.

Mwezi ulipoandama
vijidudu vya ziwani vikainuka majini,
moshi usio na moto,
vikakifuata kile kijitaa cha kijani.
Asubuhi Milembe akaniita: "Baba, picha zimekufa."
Kwenye mapezi, uji mweusi wa mbawa.
Feni imekabwa koo.
Na katika kumbukumbu za mashine, mstari wa mwisho:
saa nane na dakika arobaini usiku,
nyuzi tisini na nne,
imezimwa.

Haikuungua.
Ilipofika mahali haiwezi tena
iliweka kazi chini,
bila kuomba ruhusa ya mtu.

Nikasugua kwa mswaki wa zamani, pezi kwa pezi.
Nkwimba akatoa soksi yake ndefu ya nailoni,
aliyoivaa mara moja, ikambana,
nikaivuta juu ya tundu la hewa, nikaifunga kwa mpira.
Kasi ya prosesa nikaikata theluthi:
picha hazina haraka,
waliomo walishatabasamu.

Sasa sitini na mbili.
Kila jioni naandika namba kwenye kalenda.
Juzi Nkwimba alinikuta nimeinamia tarakimu, miwani puani,
akaenda chumbani, akarudi na kipimo cha presha cha marehemu mama yake.
"Leta na mkono wako."
Kikavimba, kikakaza, kikapumua.
Mia moja sitini na nane.
Akachukua kalamu yangu, akaiandika kando ya ile nyingine,
safu ya pili, bila kusema neno.

Nje vijidudu vilikuwa vinaigonga soksi,
laini, laini,
kama manyunyu ambayo hayajaamua.